Somo la Kumi na Nne

"Mama! Umeufumua tena?"

Loveth alisimama mlangoni, gauni limepigwa pasi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Mama yake alikuwa chini kwenye mkeka. Mshono wa mto alioufunga jana alasiri alikuwa ameuachia wote, na mkono wake wa kulia ulikuwa umezama ndani ya sufi mpaka kwenye kiwiko.

"Kuna mbegu," Costancia alisema. "Nimeulalia kidogo kuujaribu, ikanigusa shavu."

"Mbegu moja tu! Gari halitusubiri, mama."

"Litasubiri. Kondakta ananijua."

Alipapasa taratibu, macho ameyafumba, maana mbegu ya sufi haitafutwi kwa macho. Akaipata: nyeusi, ya mviringo, punje tu. Akaitupa uani, kuku wakaikimbilia, wakaionja, wakaiacha. Kisha akatunga uzi na kuanza kushona upya, mishono midogo ya kujificha ambayo hata fundi wa suti asingeiona. Loveth alikaa kizingitini akavaa kiatu cha pili huku akiguna.

Usimcheke Costancia. Miaka kumi na saba amejaza mito hapa Kilosa, na nyumba nyingi za mji huu, hata za wenye nazo, zinalaza vichwa juu ya kazi yake. Sufi anaiokota kwenye miti ya zamani kule yalikokuwa mashamba ya mkonge. Anaianika, anaipasua, anachambua, pua imefungwa kanga, nyuzi zimemjaa kwenye kope na nywele mpaka anafanana na ajuza. Lakini mto huu haukuwa wa kuuza. Ulikuwa wa Gweni, na Gweni alikuwa ameshafika Mikumi tangu juzi.

Tuseme ukweli, Costancia hakutafuta rafiki. Alitafuta Kiingereza. Mito yake ilikuwa ikipelekwa kwenye hoteli za watalii na dalali mmoja, Nickson, na kila mara Costancia alipofuatana naye, Nickson alimsimamisha pembeni na kuwaambia wenye hoteli: "Huyu mama hajui Kizungu, ongeeni na mimi." Mbele yake! Akarudi nyumbani amenuna siku tatu. Siku ya nne Loveth akamwekea kwenye simu programu ya kubadilishana lugha, ile ambayo unamtafuta mtu wa nchi nyingine mwenye lugha unayoitaka, naye anaitaka ya kwako. Kabla wiki haijaisha akampata Gweni, mama wa miaka hamsini na minane wa huko Wales, aliyekuwa akifundisha lugha watu wazima madarasa ya jioni.

Wakakubaliana. Kila siku dakika tano za Kiswahili kutoka Kilosa, dakika tano za Kiingereza kutoka Wales, kwa sauti, na kila mtu anamsahihisha mwenzake. Gweni ndiye aliyekuwa akitoa mada: soko, mvua, ndoa, kazi ya mikono. Costancia aliiweka simu juu ya kibao, akazungumza huku anachambua. Miaka miwili. Yapo mambo ya Kilosa ambayo Gweni aliyajua kuliko mwenyekiti wa mtaa.

Kuna siku Gweni aliuliza utani ni nini. Costancia akamsimulia habari ya Bonifas, Mnyamwezi, mjukuu wa wakata mkonge, aliyeingia uani kwake mchana kweupe, akamkamata tetea mwekundu, akamshika miguu na kutangaza kwa mtaa mzima: "Kuku wa mtani huyu, leo namla!" Costancia akamtukana matusi yote anayoyajua, huku anacheka, kwa sababu mtani akichukua huwezi kumkasirikia. Wiki iliyofuata akaenda kwa Bonifas akabeba kiti. Gweni alicheka mpaka akapaliwa.

"Basi na sisi tuwe watani," Gweni akasema. "Mimi wa Wales, wewe wa Vidunda."

"Tumeshakuwa," Costancia akajibu. Alilisema kwa mdomo wake mwenyewe, tusimfichie.

Sasa lile lililomkosesha usingizi wiki nzima halikuwa mbegu. Ni hili: Loveth hakutoka tumboni mwake. Alizaliwa na mdogo wake, Hildegarda, huko kwao Vidunda mlimani, na Hildegarda akafa kwa homa siku ya kumi na moja. Wakati huo Costancia alikuwa amerudishwa kwao na mume kwa kukosa mtoto. Akamfunga kichanga mgongoni, akateremka mlima, akaja Kilosa ambako hakuna aliyemjua. Mwenye nyumba alipomuuliza mtoto wa nani, akajibu, "Wangu." Neno moja tu, kumbe ameshaufunga mlango.

Amwambie lini? Kwanza alikuwa mdogo. Halafu akawa mgonjwa wa kifua. Halafu mtihani wa darasa la saba. Kiswahili ndicho alichomlelea, neno moja la Kividunda hakumfundisha, asije mtu wa nyumbani akamtupia habari sikioni. Alipomtaja Hildegarda alisema "mama yako mdogo, marehemu," basi. Lakini siku alikuwa ameshaipanga: mwezi wa kumi na moja Loveth akimaliza tu karatasi ya mwisho ya kidato cha nne, watapanda Vidunda wawili, mpaka kaburini, na hapo hapo atamwambia. Maneno yenyewe alikuwa ameshayaandaa.

Mtu mmoja tu duniani alikuwa amemwambia. Mwaka jana, siku ya mvua, Loveth yuko shule, mada ya siku hiyo ilikuwa "mama". Costancia aliweka simu juu ya kibao na badala ya dakika tano akaongea kumi na moja, mpaka sufi ikalowa mikononi. Alimwambia Gweni kwa sababu Gweni alikuwa mbali. Nani atoke Wales aje kumnong'oneza mtoto wa Kilosa? Na Gweni siku ileile alimpa la kwake: mwanawe, Owen, hajasema naye mwaka wa tisa, na sababu yake alimweleza. Sababu hiyo mimi siwezi kuwaambia, kwa kuwa Costancia hajawahi kumwambia mtu.

Ndiyo maana juzi, baada ya Loveth kung'ang'ania kwamba naye anakuja, Costancia alimtumia Gweni ujumbe: "Nakuja na mtoto. Lile la mama yake unalikumbuka. Hajui bado."

Jibu likarudi palepale, lenye kicheko ndani yake: "Usijali, mtani wangu. Mdomo umefungwa."

Ukitoka Kilosa kwenda Mikumi unapita Ulaya, na siyo maskhara, ndilo jina la mahali. Gari lilipofika hapo, Loveth alimpiga mama yake kiwiko: "Tumeshafika kwa Gweni, tushuke." Wakacheka mpaka mzee wa kiti cha mbele akageuka. Vumbi la barabara lilikuwa la Septemba hasa, jekundu, na Costancia aliuzungushia mto kanga mbili, akaukumbatia njia nzima kama anambeba mgonjwa. Hajawahi kukutana na mtu ambaye anamjua kiasi kile bila kumjua sura.

Hoteli ilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa hifadhi, paa za makuti na bustani iliyomwagiliwa. Mlinzi alianza kuwauliza wanataka nini, Costancia akamjibu kwa Kiingereza. Kiingereza kizima, chenye kichwa na miguu! Mlinzi akafungua geti, Loveth akamtazama mama yake na kumtolea ulimi kwa furaha.

Gweni alikuja mbio. Alikuwa mfupi kuliko alivyodhaniwa, mwenye mabega ya mtu wa kazi, nywele amezikata kiume. Walikumbatiana bila kusema, mto katikati yao, na Costancia akaanza kulia kabla hajajizuia.

"Sauti yako," Gweni akasema. "Sema kitu. Chochote."

"Kwenye simu sauti yako imekonda, huku mwenyewe umenenepa."

"Mtani!" Gweni akapiga kelele. "Ni yeye! Ni yeye kweli!"

"Shikamoo," Loveth alisema.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, marahaba." Gweni akamshika uso kwa mikono miwili. Akapokea mto, akaunusa, akaukandamiza kifuani. "Umechambua mwenyewe?"

"Mara tatu," Loveth akamjibu. "Na leo asubuhi mara ya nne."

Basi wakaongozana kuelekea kwenye ukumbi wa chakula, na hapo kwenye meza ndefu walikuwa wamekaa Wazungu tisa, wazee watupu. Walipomwona Costancia wote tisa wakasimama, viti vikakwaruza sakafu, wakasema kwa pamoja:

"Shikamoo, Mama Loveth!"

Mmoja wao alikuwa babu wa miaka themanini. Costancia akaziba mdomo kwa aibu, watu wazima wale wanamwamkia yeye! "Jamani, mimi ndiye wa kuwaamkia nyie," akasema, nao wakacheka, wote, palepale, bila kusubiri kutafsiriwa. Ndipo alipogundua kwamba wamemwelewa.

"Wanafunzi wangu," Gweni alisema, uso umewaka. "Nilitaka nikushangaze."

Babu yule akanyanyua kidole kama mwalimu. "Sufi uianike siku tatu," akasema. "Siku ya upepo usiianike, utafukuzana nayo mtaa mzima, shauri yako."

Yalikuwa maneno ya Costancia. Siyo maneno tu. Ile "shauri yako" ya kuvuta mwishoni, ile ya kwao Vidunda ambayo Loveth humtania nayo, babu wa Wales alikuwa nayo ilivyo. Costancia akacheka, ila kicheko kilikuja kimechelewa.

"Wamejuaje?" akauliza.

"Masomo! Nimetengeneza masomo ishirini kwa sauti yako. Kiswahili cha kweli, cha mtu anayefanya kazi yake, siyo kile cha vitabuni. Wanakupenda, Costancia. Na siyo hawa tu, yako kwenye mtandao, watu mia nne wanakusikiliza."

"Sauti zipi?"

"Soko, mvua, kuku wa Bonifas..."

"Gweni. Sauti zipi?"

Gweni akauinamia mto. Costancia akageuka kumtafuta mtoto, na mtoto hakuwa ubavuni kwake tena. Alikuwa mwisho wa meza, mbele ya bibi mmoja mdogo mwenye mkongojo, na bibi huyo alikuwa ameshika mkono wa Loveth kwa mikono yake miwili, kama tunavyoshikana tukienda kuhani msiba.

"Mwanangu," bibi alisema, polepole, kila neno safi kama limeoshwa. "Nilimlilia mama yako Hildegarda. Somo la kumi na nne nimelisikiliza mara nyingi sana."

Loveth akatabasamu. Alimsahihisha kwa upole, jinsi alivyozoea kumsahihisha mama yake Kiingereza. "Hapana, bibi. Mama yangu ni yule pale, anaitwa Costancia. Hildegarda ni mama mdogo, alifariki."

Bibi akamtazama Loveth. Akamtazama Costancia. Mkono ukapanda mdomoni, akageuka kwa Gweni na kusema, kwa Kiswahili kilekile kizuri:

"Samahani. Ulisema tusiseme."

Hapo mtu yeyote mwenye akili angekuwa ameelewa, na Loveth alikuwa na akili. Hakupiga kelele. Aliutoa mkono wake taratibu kutoka kwenye mikono ya bibi.

"Mama," akaita. "Anasema nini huyu?"

Costancia alifungua mdomo. Alitaka kumwambia jambo moja tu, njoo hapa mwanangu, njoo pembeni, usisikilize. Lakini watu tisa walikuwa wanamtazama, na kila sikio pale lilikuwa linamwelewa, tena yeye ndiye aliyelifundisha. Hakuwa na pa kujificha. Kividunda kikamjia chenyewe, maneno mawili matatu ya kumbembeleza mtoto, maneno ya mama yake, na Loveth akamkazia macho bila kuelewa hata moja. Hilo nalo lilikuwa kazi ya mikono yake.

"Somo la kumi na nne ni lipi?" Loveth akamuuliza Gweni. Aliuliza kwa Kiingereza.

"Loveth, mwanangu..."

"Nimeuliza ni lipi."

Costancia akampita mtoto, akamshika Gweni mkono, akamvuta mpaka kwenye ngazi za bustani. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa na baridi, mchana ule wa Mikumi wenye jua la kupasua vichwa.

"Nilikutumia ujumbe juzi," akasema. "Ukaniambia mdomo umefungwa."

"Niliwaambia wote wasiseme! Naapa. Kila mmoja. Yule bibi, Dilys, ni mzee, amesahau, siyo mtu mbaya..."

"Uliwaambia wote."

"Ndiyo, wote, niliwa..." Gweni akajisikia mwenyewe, akakoma.

"Kwa hiyo ulijua ni siri. Ulijua, ukaipangia namba."

Gweni alikuwa bado ameukumbatia ule mto. Machozi yalikuwa yanamshuka, ya kweli, hakuna wa kubisha. "Lilikuwa zuri kuliko yote," akasema. "Ulivyoongea siku ile. Niliwaza, watu wakisikia hivi watajua Kiswahili ni nini. Na wewe uliniambia. Uliniambia sisi ni watani. Mtani akichukua huwezi kumkasirikia. Ulisema, sauti yako ninayo hapa, naweza kukusikilizisha."

Hapo ndipo hasira ilipofika.

"Bonifas alimchukua kuku wangu mchana," Costancia akasema. "Akamnyanyua juu, mtaa mzima wakamwona, na mimi nipo, namtukana, na yeye ananisubiri niende kuchukua kiti chake. Huo ndio utani. Mtani anakuchukulia usoni. Akikuchukulia kisogoni ana jina lingine, na hilo sikukufundisha kwa sababu sikudhani utalihitaji. Tena kuku, Gweni. Kuku! Hakuna mtani anayechukua mtoto."

"Nilitaka kukuheshimu."

"Ungeniuliza."

"Niliogopa ungekataa."

"Haya. Umeshajibu mwenyewe."

Upepo ulileta harufu ya nyama inayochomwa jikoni. Kule mezani hakuna aliyekuwa anakula. Costancia akasogea karibu zaidi, akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu, kwa sababu wale wanafunzi walikuwa wamefundishwa vizuri.

"Wewe ulinipa la Owen. Nimekaa nalo mwaka. Nickson ameniuliza, huyo mzungu wako ana watoto? Nikasema sijui. Loveth ameniuliza, nikasema sijui. Sasa hivi watu wako wako pale, wananielewa, naweza kulisema kwa sauti kubwa, na wewe huwezi kunikasirikia, si ndiyo? Sisi watani."

Uso wa Gweni uliisha rangi yote. Akatikisa kichwa.

"Sitasema," Costancia akamwambia. "Ulinipa mimi, hukuwapa wao."

Gweni akatoa simu. "Nalifuta. Nalifuta sasa hivi, lote, tazama, nalifuta mbele yako."

"Usifute."

Alikuwa Loveth. Hawakujua amesimama nyuma yao tangu lini. Uso wake ulikuwa mkavu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumtazama mama yake kabla ya kuzungumza.

"Nitumie mimi kwanza," akamwambia Gweni. "Watu mia nne wamelisikia. Mimi ndiye wa mwisho."

Walirudi na gari la saa tisa. Gweni aliwafuata mpaka getini, akasema maneno mengi, mengine ya Kiswahili na mengine ya Kiingereza, na Costancia aliyaelewa yote. Hakugeuka.

Walipata siti mbili za nyuma. Loveth akakaa dirishani, akachomeka waya za masikioni, akaishika simu kwa mikono miwili magotini. Costancia aliona kidole kikibonyeza. Kuanzia hapo hakusikia kitu isipokuwa injini, lakini alijua. Alijua sasa hivi sauti yake inazungumzia mvua inayopiga bati. Sasa imefika kwenye mlima. Malori ya Zambia yalipishana nao kwenye lami, kisha wakakata kuingia barabara ya vumbi, na hapo alijua imefika kwa Hildegarda, kitandani, anasema mshike wewe mtoto, mimi mikono imechoka. Uso wa Loveth haukubadilika. Chozi moja lilishuka mpaka kidevuni, likakaa hapo, hakulifuta. Costancia alitaka kulifuta kwa upindo wa kanga, mkono ukanyanyuka, ukarudi wenyewe.

Walipofika kijiji cha Kisanga, Loveth akachomoa waya.

"Dakika kumi na moja," akasema.

"Mwanangu..."

"Mtu wa Wales umempa dakika kumi na moja. Mimi umenifulia, umenisuka, tumelala kitanda kimoja mpaka nimeingia sekondari. Miaka kumi na saba. Dakika moja hukuipata?"

"Nilitaka umalize mtihani kwanza. Nilishapanga, mwezi wa kumi na moja tungepanda..."

"Darasa la tano pia nilikuwa na mtihani?"

Maneno yale aliyoyaandaa kwa ajili ya kaburini yalikuwa yamekwisha tumika, tena yametumiwa vizuri, na watu mia nne. Alibaki na yale ambayo hakuyaandaa.

"Nilikuwa nakuogopa," akasema. "Yeye sikumwogopa. Akinichukia angezima simu, basi, mimi ningeendelea na mito yangu. Wewe ukinichukia mimi naenda wapi?"

Loveth akageukia dirisha. Nje walikuwa wanapita mashamba yaliyokwisha vunwa, mabua yamesimama peke yake.

"Alikuwa na sauti gani?" akauliza bila kugeuka.

"Nani?"

"Unamjua nani."

"Nyembamba," Costancia akasema. "Akiita, mbuzi wanageuka." Akasubiri kama mtoto atacheka. Hakucheka. Akachomeka waya tena, na Costancia akaona kidole kikirudisha mwanzo.

Kilosa ilikuwa na jua la mwisho walipofika. Stendi ilikuwa imechangamka kama kila Jumamosi, wauza mahindi ya kuchoma wanapepea makaa, bodaboda zinagombania abiria. Costancia alikuwa na mfuko mzito wa viazi alioununua njiani, Ulaya, gari liliposimama, kwa sababu kesho watu watakula vyovyote itakavyokuwa. Alishuka nao ngazi moja moja, magoti yamekakamaa.

"Ooo, wasafiri!" Ziada, jirani yao wa nyumba ya pili, alikuwa amekaa kando ya ndoo ya maandazi yake, na alikuwa na sauti ya kusikika mpaka stesheni. "Shoga, na huyu mzungu wako umemwona? Loveth, hebu nisimulie wewe, mama yako anaringa. Mmeenda nani na nani?"

Costancia alimtazama mtoto, na mtoto alikuwa anautazama mfuko wa viazi.

"Shikamoo, mama Ziada," Loveth alisema.

"Marahaba."

"Tumeenda wawili tu. Mimi na mama mkubwa."

Ziada akaangua kicheko, akapiga paja. "Mama mkubwa! Tangu lini? Wamekuroga huko Mikumi?" Akawatazama wote wawili, akitaka wacheke naye, na kicheko kikamkauka kidogo kidogo, akabaki ameshika koleo la maandazi hewani.

Loveth akainama. Akauchukua ule mfuko kutoka mkononi mwa Costancia, akaupandisha begani kwa kishindo kimoja, akatangulia. Alitembea haraka, kisha mbele kidogo, penye mtaro, akapunguza mwendo. Hakusimama. Costancia akafuata hatua kadhaa nyuma, jina la mtoto liko kwenye ulimi, anapiga hesabu aliite au asiliite, huku kiazi kimoja kimechomoka mfukoni na kubingirika vumbini kati yao wawili.